Meza Mbili za Rangi

Alhamisi ile Tatu aliingia studio saa mbili na nusu asubuhi, kifundo cha mkono wake wa kulia kimefungwa kipande cha kanga. Ilikuwa katikati ya mwezi wa nane, mwaka 2008. Watu wa Mtwara walikuwa wanaozana kana kwamba mfungo ukishaingia hakuna atakayeruhusiwa tena, na harusi kumi na moja zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, kanda juu ya kanda, zikisubiri kusafishwa rangi.

Kusafisha rangi ndivyo walivyoiita kazi hiyo Tatu na Gaudensi, mwenye studio. Taa za ukumbini humfanya bibi harusi awe na uso wa kijani. Akitolewa nje juani anakuwa mwekundu kama tofali, na wazazi wake waliokaa pembeni wanapotelea gizani kabisa. Kazi ya Tatu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuwarudisha watu wote hao kwenye ngozi walizozaliwa nazo. Aliifanya kwa mausi, anavuta kidogo huku, kidogo kule, mamia ya mara kwa siku, na mausi hiyo ndiyo iliyomharibia mkono.

Gaudensi alikuwa ameshafika. Alikuwa ameinama nyuma ya kompyuta anachomoa nyaya, shati lake jeupe limepigwa pasi, nywele za kando ya masikio zimeanza mvi ambazo mwaka jana hazikuwepo. Alipomwona Tatu alisimama. Akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, halafu akaangalia nyaya.

"Chai ipo kwenye chupa," alisema.

"Nitakunywa."

"Yule mtu wa Dar anakuja saa tatu. Joshua, muuza vifaa. Anatuletea meza mbili za rangi tujaribu, tuchague moja."

"Meza za rangi?"

"Zile za kutumia mikono. Unaacha mausi."

Tatu alivuta kiti chake akakaa. Moyoni alisikia kitu kama furaha, furaha ya mtu aliyechoka, isiyo na nguvu ya kusimama. Alidhani Gaudensi ameuona mkono wake. Alidhani hatimaye, baada ya miezi yote ile ya kufungua na kufunga kile kipande cha kanga mbele yake, ameuona.

Walikuwa wamefahamiana miaka saba. Tatu alikuwa na miaka ishirini na mitano siku alipokuja mara ya kwanza kwenye studio hii ya Rahaleo, amekasirika, kaseti ya harusi ya dada yake mkononi. Alimwambia Gaudensi kwamba dada yake hakuolewa akiwa mgonjwa, kwa hiyo wamweleze kwa nini amekuwa wa kijani toka mwanzo wa kanda hadi mwisho. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Gaudensi hakucheka wala hakujitetea. Alingoja wateja waondoke, akafunga mlango nusu, akamwambia jambo ambalo hata mama yake mzazi hakulijua. Yeye nyekundu na kijani havitofautishi. Kwake vyote viwili ni kama udongo uliolowa. Alikuwa anajua kupiga picha, anajua wapi asimame na nini akamate, ila rangi alikuwa anabahatisha.

"Kaa hapa dakika tano," alikuwa amemwambia. "Niambie tu, amekaa sawa?"

Tatu alikaa. Zile dakika tano hazijaisha mpaka leo.

Mwaka uliofuata Gaudensi, mtoto wa mfanyakazi wa bandari aliyetoka Mbinga, alituma washenga wawili Madimba kwa mjomba wa Tatu. Kwa kina Tatu, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, na Mjomba Yusufu neno lake lilikuwa fupi: asilimu kwanza. Mwezi huohuo baba yake Gaudensi alifariki. Mama yake, Maria, alilia akimshika mkono, akamwomba asiiache dini aliyozikwa nayo baba yake. Gaudensi akanyamaza. Tatu naye akanyamaza. Hakuna aliyesema tumeachana, na hakuna aliyesema tusubiri. Kesho yake walikwenda kazini, kulikuwa na harusi ya mtu.

*

Joshua alifika na masanduku mawili na maneno mengi. Alikuwa kijana mnene mwenye tai, mtu mwema, anayependa vifaa vyake kama wengine wanavyopenda mpira. Alizipanga meza zile mbili mezani sambamba, akaunganisha waya, akapangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Hii ya kwanza," alisema, "ina mipira mitatu. Tazama. Mpira wa kushoto ni wa sehemu zenye kivuli, wa katikati ni wa zile za kati, wa kulia ni wa mwanga. Unausukuma mpira na kiganja tu, rangi inakwenda unakotaka. Kila mpira una pete, ukiizungusha unapandisha au unashusha mwanga. Hii dada ni ya mtu mwenye jicho. Huangalii meza, unaangalia picha."

"Na hii nyingine?" Tatu aliuliza.

"Hii haina mipira. Ina vitufe vya kuzungusha, na juu ya kila kitufe kuna kidirisha cha namba. Unaona? Sifuri, kumi, ishirini. Inakwenda pamoja na hii grafu hapa kwenye kompyuta. Huu mstari wa mshazari ni wa ngozi. Binadamu yeyote, awe mweupe awe mweusi, rangi ya ngozi yake ikiwa sawa inaangukia karibu na mstari huu. Kwa hiyo unazungusha mpaka doa likae kwenye mstari, basi. Ndiyo maana kaka Gaude aliponipigia simu nikamwambia ipo. Aliniambia anataka inayoweza kutumiwa hata na mtu asiyeona rangi vizuri, kwa sababu msafishaji wake anaondoka." Akamgeukia Tatu akitabasamu. "Wewe ndiye unayeshika nafasi yake, siyo? Usiogope, wiki mbili tu utakuwa umezoea."

Feni ilikuwa inazunguka. Gaudensi alikuwa ameshika waya ambao haukuwa na haja ya kushikwa.

"Ndiyo," Tatu alisema polepole. "Ni mimi."

"Safi sana. Basi mimi nawaacha mjaribu. Nina jamaa yangu pale bandarini nikamsalimie. Nitarudi saa kumi alasiri, mniambie ipi inabaki na ipi naondoka nayo. Kesho alfajiri nina basi."

Alipotoka, Tatu alichukua kanda ya harusi ya Sharifa wa Ufukoni, iliyofungwa Jumamosi iliyopita, akaifungua kwenye kompyuta. Sharifa akatokea amekaa jukwaani, mikono ina hina, uso wa kijani kama jani la mpapai. Tatu akaweka viganja vyake juu ya ile mipira.

Alisukuma wa katikati kidogo tu. Kijani kikapungua. Akasukuma wa kushoto, akazungusha pete, na mama yake Sharifa aliyekuwa gizani akajitokeza akiwa na kitenge cha zambarau. Mkono haukuuma. Kiganja chote kilikuwa kimelala, kifundo hakikukunjwa, na bega lake la kulia, ambalo alikuwa hajui kwamba amelikaza muda wote huo, likashuka. Aliisafisha sherehe yote ya kukata keki kwa nusu saa. Kwa mausi ingemchukua asubuhi nzima.

Gaudensi alikuwa amesimama nyuma yake. Tatu alisikia pumzi yake, na ile harufu ya sabuni ya kipande aliyoizoea. Hapo zamani akisimama hivyo Tatu alikuwa anasahau anachofanya.

"Ni nzuri," Gaudensi alisema.

"Ni nzuri sana. Sasa kaa wewe, tujaribu ya kwako."

"Tatu."

"Kaa, Gaude. Mtu anarudi saa kumi."

Alikaa. Tatu alivuta kiti kingine akakaa kushoto kwake, akamletea sehemu ya kucheza ngoma, ile iliyopigwa chini ya taa mbovu kuliko zote. Akamwonyesha grafu. Akamwelekeza azungushe kitufe cha pili, taratibu, namba ikipanda. Doa likasogea kwenye ule mstari, likapita, likarudi. Gaudensi alikuwa na vidole virefu, na Tatu alivitazama vidole vile kwa namna ya mtu anayekagua nyumba anayohama.

Doa likakaa kwenye mstari. Pale kwenye picha, wasichana sita waliokuwa wanacheza wakawa wasichana wa Ufukoni, weusi wa kung'aa, wenye afya.

Gaudensi aliwatazama. Kwake yeye hakuna kilichobadilika. Akageuza uso.

"Amekaa sawa?" aliuliza.

"Wamekaa sawa. Umefanya mwenyewe."

Tatu alifungua kile kipande cha kanga kwenye mkono, akakifunga upya, akakaza kwa meno.

"Nani kakuambia naondoka?"

"Mjomba wako alikuja."

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Ulikuwa umekwenda kumwona mama yako. Alikaa pale kwenye benchi, akakataa soda. Akaniambia kuna mwalimu wa Nanyamba, anaitwa Shabani, amefiwa na mke, ameleta posa. Mtu wa heshima, wa dini yenu. Akasema wewe hutaki kumjibu, unasema una kazi nyingi. Akasema nimekugeuza macho yangu, na mwenye macho hawezi kukubali yaondoke. Sikuwa na la kumjibu. Alisema kweli."

"Kwa hiyo ukampigia simu Joshua."

"Nilitaka ukiondoka usigeuke nyuma ukasema studio itakufa. Nilitaka usiwe na mzigo."

"Mlikaa hapa wanaume wawili," Tatu alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mmoja akatoa mume, mwingine akatoa mashine. Mimi nilikuwa wapi?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukasirika vizuri. Ungekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshabeba mkoba wangu." Akainua mkono wenye kanga. "Hii unaiona?"

Gaudensi alitazama.

"Ina mwaka na nusu. Usiku nausikia mpaka kwenye kiwiko. Leo asubuhi uliposema kuna meza za rangi, nilidhani umeuona mkono wangu. Nikafurahi, Gaude. Nilikaa pale kwenye kiti nikafurahi kama mjinga."

Uso wa Gaudensi ulibadilika. Akaunyoosha mkono kama anataka kukigusa kile kifundo, akasita njiani, kwa sababu walikuwa wameacha kugusana zamani bila kukubaliana. Kisha akakigusa. Alikishika kwa vidole viwili tu, juu ya kanga, kama mtu anayepima joto la chungu.

"Sikuuona," alisema. "Naona kila mtu ukumbini, wewe sikukuona. Nisamehe."

Tatu alitaka kulia, lakini hata machozi yalimwona amechoka yakamwacha. Aliuacha mkono wake pale ulipo.

"Unampenda huyo mwalimu?" Gaudensi aliuliza.

"Simjui. Nimemwona mara moja, alinisalimia vizuri. Nilipomtazama niliwaza kitu kimoja: huyu mtu angenioa mwezi ujao, na mimi ningepumzika. Ndicho nilichowaza. Sikuwaza jingine."

"Na mimi ukiniwaza?"

"Nikikuwaza wewe nachoka zaidi," alisema Tatu. "Lakini nakuwaza kila siku."

*

Joshua alirudi saa kumi kasorobo, tai imelegezwa, jasho linamtoka. Alikuwa ameletewa madafu huko alikokwenda, akawaletea nao mawili.

"Haya wakubwa. Ipi inabaki?"

"Ya mipira," Gaudensi alisema mara moja. Alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamua. "Acha ya mipira, Joshua. Nilikosea. Msafishaji wangu haondoki."

Tatu aliweka dafu chini.

"Hapana," alisema. "Acha ya namba."

Joshua aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, na pengine ndipo alipoanza kuelewa kosa lake la asubuhi, kwa sababu alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa akaanza kusoma karatasi za dhamana.

"Ya mipira ndiyo inayokufaa mkono wako," Gaudensi alisema.

"Inanifaa. Ni kama imetengenezwa kwa ajili yangu. Ikibaki, kesho nitakaa hapo, na keshokutwa, na harusi zote mpaka mfungo, na baada ya Idi zitakuja nyingine. Hutakuwa na haja ya kuniuliza kitu na mimi sitakuwa na haja ya kujibu. Ndivyo tulivyoishi miaka saba." Alivuta pumzi. "Acha ya namba, ujifunze. Nitakufundisha mpaka mwisho wa mwezi huu. Ukishajua, mimi si macho yako tena. Hapo kama una neno la kuniambia utaniambia, na litakuwa neno langu mimi, si la studio."

Gaudensi alitazama ile meza ya namba, akatazama ile ya mipira. Halafu akamwambia Joshua, kwa sauti ndogo, "Acha ya namba."

Joshua aliifungasha ile ya mipira kwa uangalifu. Akawaambia kwamba ameuza meza hizi Arusha na Mwanza, na hakuna mahali watu walipochagua kwa uzito kiasi hiki. Akawapa mkono, akaondoka zake.

Walibaki wawili. Nje mtu alikuwa anapita na toroli la maji, magurudumu yanalia.

"Nina neno," Gaudensi alisema. "Siwezi kungoja mwisho wa mwezi."

"Sema."

"Nataka kukuoa. Nilitaka mwaka wa pili, na wa tatu, na jana. Sijui tutafanyaje kuhusu dini. Sina jibu, Tatu. Nimelitafuta jibu mpaka nimechoka, ndiyo maana nilinyamaza. Niliona aibu kuja kwako mikono mitupu."

"Jumapili nakwenda Madimba kumjibu mjomba kuhusu yule mwalimu. Nitakataa." Tatu alikuwa anavaa mtandio. "Uje."

"Madimba?"

"Miaka saba hujafika kwetu. Ulituma washenga, wakakataliwa, wakapanda gari wakarudi mjini. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta natwanga muhogo. Nilibaki pale siku tatu, kila anayepita ananitazama."

"Mjomba wako atakataa tena."

"Atakataa. Njoo akukatae ukiwa umekaa mbele yake, na mimi nipo. Mimi nimechoka kukataliwa peke yangu."

Gaudensi akauliza gari la kwanza la Madimba linaondoka saa ngapi.

*

Alikuja na mama yake. Tatu hakuwa amemtegemea Maria. Alipomwona anashuka kwenye gari, gauni lake la kanisani limejaa vumbi, miguu imevimba kwa safari, alikimbia kumpokea mkoba. Mikorosho ya pande zote mbili za njia ilikuwa imeanza kutoa maua, na upepo ulikuwa unaleta ile harufu yake nyembamba tamu. Njiani Maria alisema tu kwamba ni mbali, na Tatu akasema tumefika.

Mjomba Yusufu aliwapokea barazani. Alikuwa mzee mrefu, mkulima wa korosho na muhogo, mwenye Kiswahili cha Wamakonde wa zamani. Bi Zainabu, mama yake Tatu, alileta viti viwili na mkeka, akakaa pembeni ya mlango. Salamu zilichukua muda mrefu. Hakuna aliyetaka ziishe.

Tatu ndiye aliyeanza. Alikuwa amekaa mkekani karibu na mama yake.

"Mjomba, mwalimu Shabani ni mtu mwema. Naomba umwambie nimeshukuru, lakini sitaolewa naye. Usimwambie nina kazi nyingi. Mwambie nimekataa."

"Nimesikia," mzee alisema. Akamgeukia Gaudensi. "Na wewe? Nilikuja kwako nikakuomba umwachie huyu ntoto wa dada yangu. Ukanyamaza. Nikadhani umekubali."

"Nilinyamaza kwa sababu ulisema kweli, mzee. Nilikuwa namtumia kama macho. Sasa nimepata kifaa, najifunza kufanya mwenyewe. Nimekuja kwa sababu bado namtaka, hata nikiwa sina shida naye ya kazi."

"Dini?"

"Sijabadili, mzee. Sitaki kukudanganya."

"Basi umekuja kufanya nini? Jibu nililitoa kitambo."

"Nilikuwa sijalisikia mwenyewe. Nililetewa na watu."

Mjomba Yusufu alimtazama kwa makini, kama ndiyo kwanza anamwona. Hapo Maria akajisogeza kwenye kiti chake.

"Mzee Yusufu, naomba niseme. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa nimefiwa, mume wangu hata arobaini haijafika, nikamwambia asibadili dini. Nilisema kwa uchungu wa siku ile." Alikuwa anakunja na kukunjua leso. "Sikujua kwamba atanitii miaka yote hii. Namwona anarudi nyumbani jioni, anakula, analala. Hanilaumu. Ni bora angenilaumu. Siwezi kumwambia abadili, hilo halitoki mdomoni mwangu. Lakini sitamzuia tena kwa lolote atakaloamua, na nimekuja kulisema mbele yenu."

Gaudensi aligeuka kumtazama mama yake. Ni wazi alikuwa hajawahi kuyasikia maneno yale. Tatu aliinamisha kichwa.

Mjomba Yusufu hakufanya haraka. Aliokota ganda la korosho lililokuwa sakafuni, akalitupa uani.

"Mama, maneno yako ni ya ntu nzima," alisema. "Nayaheshimu. Lakini mimi nimesimama mahali pa baba zake na pa wajomba zake waliokufa. Siwezi kusema neno kwa sababu nimeona huruma. Leo jibu langu ni hapana."

"Nimesikia, mzee," Gaudensi alisema.

"Utarudi tena?"

"Nitarudi."

"Na nikikujibu hivihivi?"

"Nitakuwa nimekuja."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Basi usije mwezi wa kumi," alisema. "Mwezi wa kumi tunaokota korosho, sina nafasi ya kukaa na wageni. Njoo baada ya hapo." Akasimama, akachukua kofia yake, akaenda kuswali adhuhuri.

Bi Zainabu ndiye aliyesema waingie ndani wale chakula, gari la kurudi mjini ni la jioni. Tatu aliinuka kumsaidia, akachukua sinia, na mama yake akamnyang'anya. Alimtazama bintiye usoni, akamshika ule mkono uliofungwa, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Nenda kajinyooshe kidogo," alisema. "Nitapakua mimi."

Tatu alikwenda chumbani akajilaza juu ya kitanda cha kamba, anataka kukaa dakika chache tu. Dirishani alizisikia sauti za wale kina mama wawili. Mwanzo walikuwa wanaulizana majina ya watoto. Baadaye Maria alisema kitu kuhusu miguu yake, na Bi Zainabu akamwambia kuna majani ya kuchemsha, atampa. Halafu hakusikia tena.

Walimaliza kula. Chakula alichowekewa Tatu kilifunikwa kwa kawa. Gaudensi alikaa barazani mpaka kivuli cha nyumba kikafika uani, akawa anatazama mlango, na mwishowe akamwuliza Bi Zainabu kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama Tatu hajisikii vizuri.

"Amelala," Bi Zainabu alisema.

"Gari linakaribia, mama. Nimwamshe?"

Bi Zainabu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mwache," alisema. "Kama gari litapita, lipite. Nyumba ina nafasi, na mama yako nimeshamtandikia."

Gaudensi alirudi kukaa.